Ndoa ya Kumuonyesha Muzungu

Siku ya kwanza ya juma, 3 Mai 1954

Baridi imeanza. Muzungu mupya pia.

Alikuja asubui na motokari ndogo, akaisimamisha mbele ya barza yangu, mashini ya kushona ikajaa vumbi. Akashuka. Akauliza kama njo hapa kuko bantu. Niliangalia avenue, njia yetu: kuku, batoto, Mama Kapinga na beseni yake ya samaki. Nikamuambia ndiyo, Bwana, bantu beko. Akafurahi sana!

Anatoka Bulaya. Bantu ba masomo makubwa banamutuma kufanya enquête, ni kusema kuulizauliza, juu ya maisha ya mweusi mu cité, mutaa wa beusi: anatumika namna gani, anaikala na nani mu nyumba, na sababu gani jamaa moja inakula nyama na ingine inakula paka sombe, majani ya mihogo tupu. Ile ya nyama na sombe ningemujibu palepale, angerudia kwao na meli ya juma hii. Lakini hakuniuliza ile. Kiswahili yake ni ya kitabu cha kuamuru mupishi. Aliniuliza:

"Wewe kula na nani? Wewe kulala na nani?"

Nikamuambia Edith, muke wangu, alienda Kasenga kwa mama yake kuzaa. Kwa sasa nakula kwa dada yangu, nalala na mashini. Akaandika. Hata mashini aliandika.

Mu avenue yetu muzungu hamalizi siku bila jina. Huyu, mbele ya saa sita, Mama Kapinga — jirani yangu, Muluba wa Kasai, ulimi kama wembe mupya — alikuwa amekwisha kumubatiza: Bwana Na-Nani. Jina ya kwao alitutajia pia. Ilipita.

Siku ya ine, 6 Mai

Woga mu avenue yote. Banasema muzungu wa motokari anahesabia banamuke.

Niandike vizuri, maana siku moja nitasahau kama mambo haya yalikuwa kweli. Mu bureau ya cité kuko aina moja ya banamuke beko na jina murefu kupita kanzu ya askofu: femmes vivant théoriquement seules. Maana yake: mwanamuke anayeishi peke yake, théoriquement. Mujane. Mwenye kuachwa. Mwenye kukataa. Anaishi peke yake théoriquement, lakini kodi analipa kwa kweli. Na bureau ikichoka naye, camion ya mizigo inamurudisha mu mugini kwao, hata kama mu mugini hakuna tena muntu anajua uso wake.

Yaya Constance, dada yangu mukubwa, iko wa aina ile. Bwana yake Mwaba alikufa na kifua, mavumbi ya mine ya shaba. Alimuachia chumba kimoja cha udongo wa potopoto mu parcelle yake, kiwanja cha nyuma ya changu. Yaya akachoma matofali yeye mwenyewe ku mutoni, akajenga nyumba, mulango wa mbao, dirisha ya vioo. Anauzisha munkoyo, pombe ya mahindi, na samaki ya Kasenga. Hana deni, hana bwana, hana mutoto. Kwa macho ya bureau, mambo yale matatu ni ugonjwa mumoja.

Magaribi banamuke balijaa kwake. Mama Kapinga alikuwa anasema:

"Banatuhesabia juu ya nini? Muntu anahesabia mbuzi yake juu ya kuipenda?"

Nikasema — bila kufikiri, nilikuwa na sindano mu kinywa — muzungu haulizi mwanamuke kama eko na bwana. Anaangalia tu kama bwana iko pale, mu kiti.

Yaya Constance akacheka ile kicheko yake ya pua.

"Kama mi niko peke yangu théoriquement," akasema, "basi na bwana pia anaweza kuwa théoriquement."

Siku ya posho, mwisho wa juma, 8 Mai

Mabwana ba kuonyesha muzungu banapatikana mbio kuliko sabuni.

Kasonde, kinyozi wa pembeni, muzee wa maneno matamu, amekubali kuwa bwana ya Mama Kapinga. Ku avenue ya nyuma amekubali kuwa bwana ya mwengine. Nikamuuliza: na muzungu akikuona pande zote mbili? Akasema: "Kwa muzungu kinyozi moja ni sawa na kinyozi mwengine."

Bwana ya yaya Constance ni Kunda. Kijana wa chemin de fer, anaunganisha mabehewa. Iko muzuri kwa sura, mikono ya nguvu, maneno kidogo. Anaikala mu camp ya bacélibataire, banaume bila bibi, chumba kimoja na benzake batatu: moja anakoroma, moja anaongea mu usingizi, moja anajibu. Kila siku kisha kazi anapita kunywa munkoyo ya yaya, anaangalia dirisha ya vioo. Nilizani anajiangalia yeye.

Tulimueleza kazi: siku muzungu atakuja, akae mu kiti, aseme "muke wangu". Akiondoka, asimame. Posho yake: bukari, ugali wetu, na mboga.

"Paka kukaa tu?" akauliza.

"Paka kukaa."

"Kazi kama ile," akasema, "nilizani beko nayo paka bazungu."

Siku ya tano, 14 Mai

Enquête inaendelea. Bwana Na-Nani amevumbua sheria: bantu banaokula pamoja, ile njo jamaa moja. Alikuja kwa gafula saa ya bukari. Akakuta barza ya yaya Constance: mimi, Kunda, Kasonde, na Rigobert wa mutaa unaoitwa Kenya, naye bwana ya kuonyesha, aliyepita kurudisha baiskeli. Banaume tupu, mikono mu sahani moja, kama desturi. Banamuke na batoto beko mu kikoni na sahani yao.

Akatuandika jamaa moja. Kisha akatuangalia sana, akaniuliza nani kati yetu ni mama.

Ilitulazimu kumuheshimu. Tuliweka meza. Tuliita yaya Constance kutoka mu kikoni, akakaa pembeni ya Kunda, mugongo wima, kama muntu anangojea kungolewa jino. Kunda akamupatia kipande cha samaki mbele ya bantu. Haya! Kasonde alifunika uso. Bwana Na-Nani akachora meza yetu na vichwa vyetu vyote, akasema jamaa ya namna hii inaonyesha "maendeleo".

Yaya, bila kuinua macho, akamuuliza kwa upole: "Na weye Bwana, unakula na nani?"

Akafikiri. Madame yake alibakia Liège, Bulaya. Mupishi anakula nyuma. Hapana, anakula peke yake, na kitabu.

Basi iko peke yake théoriquement, paka kama banamuke bale. Lakini habari ya kodi yake sijaisikia.

Siku ya ine, 20 Mai

Leo ni swali mupya. Anataka kujua: ndoa ya Kunda na Constance ilifanywa namna gani? Kwa Padiri? Kwa bureau? Kwa desturi?

Kunda akaniangalia. Nikaangalia Kasonde. Kasonde, ambaye hajawahi kuachia swali bila nguo, akasema: kwa desturi, Bwana. Desturi ya Babemba. Kwa mujane hakuna maneno mengi. Mushenga wa mwanaume — shibukombe — anapeleka nsalamu, ni kusema kitu cha kuombea, bangili ao kisu. Jamaa ya mwanamuke ikiipokea na kupika kuku, na upande wa mwanaume ukikula ile kuku mpaka mifupa, kwisha. Bameoana.

Macho ya Bwana Na-Nani yaliwaka kama taa za motokari. Aliuliza: inaweza kufanywa tena? Mbele yake? Anaweza kupiga picha?

Yaya alikuwa anaosha vikombe. Akasema: "Muache apige picha. Akishiba ataenda kusumbua mutaa wa Ruashi."

Siku ya Mungu, 23 Mai

Nimechoka kucheka. Leo yaya Constance ameolewa kwa ajili ya masomo makubwa ya Bulaya.

Kisha misa avenue yote ilikuja. Bamoja bamevaa vitenge vya sikukuu ya Pâques. Kasonde njo shibukombe — na kweli ni kazi yake, nusu ya ndoa za Babemba mu cité zimepita mu kinywa chake. Alikuja na koti yangu, niliyomukopesha, akitembea polepole kama ameleta habari ya mufalme. Akapiga magoti. Akapiga mikono. Alisema maneno yote, moja hakuruka: tumeona moto unawaka kwenu, tumekuja kuomba moto. Bangili ilikuwa ya shaba, Kunda aliipinda yeye mwenyewe mu atelier ya kazi yake. Kazi nzuri, sikatai. Mimi, ndugu mudogo wa mwanamuke, nikaipokea na mikono mbili.

"Encore!" Bwana Na-Nani akasema. Jua lilikuwa upande mubaya. Tukahamia ku ukuta. Kasonde akapiga magoti tena. Nikapokea tena.

Kisha kuku. Kuku ya kweli — yaya hakubali kupika kuku ya uongo. Kasonde na Kunda bakaikula kwa sherehe, mpaka mifupa. Mama Kapinga akapiga vigelegele mpaka muzungu akaweka kidole mu sikio. Alipiga vya kweli, nikaona, machozi yanamutoka. Nikamuuliza kuna nini. "Sijui," akasema. "Kuku inanukia arusi."

Bwana Na-Nani akamupa Kunda mukono wa pongezi: "Félicitations!" Kunda akasimama wima. Sijawahi kuona muntu wa mabehewa anasimama vile.

Siku ya pili, 25 Mai

Kunda amekuja na sanduku.

Nilikuwa nashona. Akapita mbele yangu na baiskeli, sanduku nyuma, blanketi juu ya sanduku, sufuria juu ya blanketi. Akanisalimu: "Mulamu."

Mulamu! Shemeji! Nikatoa sindano mu kinywa.

"Muzungu anakuja leo?" nikauliza.

"Hapana."

"Basi unaenda wapi na sufuria?"

"Kwangu," akasema.

Yaya Constance alikuwa anaanika samaki. Akamuona anaingiza baiskeli. Akamuuliza sanduku ni ya nani. Akasema ni yetu. Yaya akashika komeo ya mulango — kile kipande cha muti cha kuifungia — akasimama mu mulango wake.

"Kunda, mutoto wangu, jua imekupiga?"

"Mi si mutoto wako. Ulinipikia kuku."

"Nilimupikia muzungu!"

"Muzungu hakuikula," Kunda akasema. Na ile, shida yake, ni kweli. Bwana Na-Nani aliogopa tumbo.

Mulango ulifungwa. Kunda ameweka blanketi yake mu kikoni, inje, pembeni ya majivu. Hana hasira. Anafagia. Nikamuambia arudi camp. Akanijibu mbele ya bantu bote: "Mulamu, weye njo ulipokea."

Mara mbili, Mama Kapinga akaongeza kutoka ku lupango, ule uzio wetu. Juu ya jua ya picha.

Siku ya tano, 28 Mai

Nilienda kwa Kasonde. Nilimukuta ananyoa muntu. Nikamuambia: muzee, weye unajua ile ilikuwa mchezo. Waambie bantu.

Akaacha wembe hewani. Mwenye kunyolewa akafunga macho.

"Anaclet. Nilipiga magoti?"

"Ulipiga."

"Maneno nilisema yote?"

"Yote."

"Bangili iko wapi?"

Iko kwangu, mu kikopo cha vifungo.

"Miaka yangu yote," akasema, "sijawahi kupiga magoti kwa mchezo. Nikisema ile moja ilikuwa mchezo, kesho kila mwanaume amechoka na bibi yake atakuja kuniambia: hata yangu, Kasonde, ulikuwa unacheza. Mi nitakula nini?"

Akarudia kunyoa. Muntu wa chini ya wembe akasema, pole pole, bila kutembeza shingo: kweli kabisa.

Nilirudi na habari ile. Yaya hakupiga kelele. Ingekuwa heri apige.

"Weye na mudomo wako wa sindano," akasema. "Matofali yale nilichoma na homa. Mwaba alikufa, jamaa yake bakakuja kubeba hata kitanda, nikalala chini. Nyumba nilijenga kusudi nisilale tena mahali muntu anaweza kuniambia toka. Sasa umeniletea muntu wa kuniambia toka, na kuku nimepika mi mwenyewe."

Siku ya posho, 29 Mai

Kunda amelima mustari ya mboga nyuma ya nyumba. Muzuri, mustari wenyewe. Ni mbaya sana: mwenye kupanda anangojea kuvuna.

Siku ya tatu, 2 Juin

Sasa imekuwa kazi ya bureau.

Kunda alienda kule na chemise safi. Alisema ameoa mujane wa parcelle fulani, anaomba kuandikwa. Karani akamuambia ndiyo, ni vizuri, mwanamuke mwenye bwana anatoka mu aina ile ya théoriquement, hatalipa tena kodi. Na parcelle inapita ku jina ya bwana. Njo sheria: mwenye nyumba ni mwanaume. Wakuje bote siku ya kwanza, 14 Juin, na shahidi.

Nikamufuata kikoni. Alikuwa anamenya mihogo. Nikamuuliza: weye unapenda yaya wangu, ao unapenda dirisha?

Alifikiri kwa uaminifu, hilo nitamuandikia.

"Mulamu, weye umelala siku moja mu camp ya bacélibataire? Muntu akigeuka, wote tunageuka. Nikimuangalia Constance naona dirisha. Nikiangalia dirisha namuona Constance. Sijui kuvitenga."

"Yeye hakutaki."

"Hata mi chemin de fer haikunitaka ku mwanzo."

Na shahidi? Akatabasamu. Shahidi yake ni muzungu. Tena na picha.

Siku ya Mungu, 6 Juin. Pentekote

Yaya alituma habari Kasungami kwa Yama Chomba, kaka ya mama yetu. Ni yeye njo mukubwa wa jamaa. Kwa Babemba mudogo kama mimi hana nguvu ya kumutoa dada yake: Yama akikataa, nsalamu inarudi, kwisha. Dawa ilikuwa ile. Tulilala na furaha.

Amekuja leo kwa miguu, fimbo na kofia. Akasalimu. Akakaa. Yaya akamueleza yote, mimi pia nikaeleza, tukiongea sauti juu ya sauti. Yama alikuwa anatikisa kichwa: vibaya, vibaya sana, kucheza na desturi mbele ya muzungu! Kumupita mujomba! Bangili ku mikono ya mutoto! Alikasirika vizuri sana. Yaya alianza kupumua.

Kisha Kunda akatoka mu kikoni na mbuzi.

Sijui aliificha wapi. Mbuzi muke, munene, kamba mupya. Akapiga magoti mu vumbi, akamupa Yama kamba.

Yama akaangalia mbuzi. Mbuzi akaangalia Yama. Ilionekana banajuana.

"Kijana huyu," Yama akasema, "amelelewa na nani? Ameheshimu. Constance, mwanangu, mwanamuke peke yake mu mugini ya bazungu, ni vizuri? Mi niko muzee. Nani ataniangalia nikikuja mu cité, nani atanipa kitanda?"

"Mi njo nakupa kitanda, Yama. Tangu zamani."

"Ndiyo. Lakini weye ni mwanamuke," akasema, na kamba akaizungusha ku mukono wake, mara, na tena.

Analala kwa yaya leo. Ku kitanda. Mbuzi iko kwangu, imekula kipande cha suruali ya muntu.

Siku ya tatu, 9 Juin

Kimebakia kiti kimoja cha kukalia: Bwana Na-Nani. Akisema ku bureau "ilikuwa mchezo, niliiomba mi mwenyewe", yaya amepona.

Nilienda kwake, mu mutaa wa bazungu, mulango wa nyuma. Mupishi akanipitisha. Meza yake imejaa karatasi na picha. Ya juu ilikuwa mimi na bangili, mikono mbili, uso wa muntu anapokea ekaristi. Nilikuwa muzuri, kwa kweli.

Nikaanza mbali. Nikasema: Bwana, kama muntu anaonyesha mwengine namna ya kulala, ni kusema amelala?

Hakufahamu. Akaniambia ile ndoa ni sura nzuri kupita zote za kitabu chake. Amehesabia avenue yetu yote: nyumba zote ziko na bwana! Pale mu bureau banalia juu ya banamuke ba peke yao, na yeye, kwa masomo, ameonyesha kama habako. Ataandika vile. Bakubwa batasoma. Pengine kodi ile itaondoshwa, akasema, kwa sababu itamulipisha nani?

Sikutazamia ile. Jambo la kwanza la maana lililotoka mu motokari ile, na limejengwa juu ya kuku yetu.

Nikikufungulia kinywa, Bwana, nyumba moja inapona na avenue inaanguka: Mama Kapinga, na wa avenue ya nyuma, na bote. Nikikifunga, avenue inapona na yaya analala chini.

Nikamuuliza tu: siku ya kwanza, ku bureau, Bwana atasema nini?

Akaondoa miwani. Akasema yeye haingii mu mambo ya bantu. Yeye anaangalia tu.

Kurudia kwa miguu ni mbali. Nikamueleza yaya mambo yote mbili, bila kupunguza. Aliendelea kupanga samaki, vichwa upande moja. "Ah," akasema. "Basi anafikiri sisi wote tuko na mabwana." Na tena: "Maskini."

Sijui alimuhurumia nani.

Siku ya Mungu, 13 Juin

Kesho bureau. Naandika hapa barza ya yaya, kitambaa juu ya magoti kama napima, maana kila muntu anaangalia kila muntu.

Bwana Na-Nani alikuja kisha misa. Alisikia kuko "palabre", ni kusema mashauri, mu jamaa, hakutaka imupite. Alikaa kati yetu, kalamu tayari, akauliza: mwenye nyumba hii ni nani?

"Mimi," Yama Chomba akasema. "Ni mutoto wa dada yangu."

"Mimi," Kunda akasema. "Ni muke wangu."

Akanigeukia. Nikakohoa. Kila neno iko na nyumba ya muntu ndani yake.

Yaya Constance akatoka mu kikoni, mikono na unga. Alikuwa ameweka bukari ku moto, kubwa, ya wageni. Akajipangusa. Akasema:

"Bwana, tangu umekuja unauliza banaume. Mi hujaniuliza kitu. Ingia."

Akashangaa. Akaangalia karatasi zake kama zinaweza kumukatalia. Akaingia. Yaya akafunga mulango.

Kunda akasimama. "Muke wangu na muzungu, mulango ukifungwa?"

"Kaa," Yama akasema. "Ile si muntu, ni bureau."

Akakaa.

Banaongea. Yaya njo anaongea. Sauti ya chini, ile ya kuuzisha, hainyanyuki. Mara Bwana Na-Nani anasema "Comment?", ni kusema: namna gani? Mara nyingine tena, "Comment?", lakini ndogo zaidi. Kisha hakuna comment tena.

Mama Kapinga amefika ku lupango. Beseni juu ya kichwa, siku ya Mungu, na hakuna kitu mu beseni. Nyuma yake wa avenue ya nyuma. Na mwengine. Nabajua bote, nilibashonea: bake ba Kasonde ba kuonyesha, muke wa Rigobert wa siku za muzungu, bote banao mabwana tangu mwezi wa tano. Kasonde amebaona kutoka pembeni. Amekunja kiti chake cha kunyolea na kuingia ndani.

"Anaclet," Mama Kapinga ananiuliza, "dada yako anasema nini mule?"

Nikaweka sikio ku mbao. Kwanza nikasikia kalamu. Kisha yaya, pole pole, kama muntu anamufundisha mutoto mushono:

"Andika: mwenye nyumba ni mi. Matofali, andika. Habari ya bwana, tutafika."

Nikarudisha maneno yale ku lupango, kama yalivyo. Banamuke bakaangaliana. Mama Kapinga akashusha beseni, akaiweka juu ya mikono ya Kunda — Kunda akaipokea, hakujua namna ya kukataa — akapita katikati yetu. Hakupiga hodi. Amefungua mulango, ameingia. Wa avenue ya nyuma amemufuata. Na mwengine. Na mwengine. Ule wa mwisho amefunga mulango.

Sasa sauti ziko nyingi: andika na yangu, andika na yangu. Hazigombani. Hazilii. Muzungu hasikiki.

Barza imebaki na banaume: Yama na fimbo, Kunda na beseni, mimi na kitambaa. Mu kikoni kuko moshi. Ni bukari, inaungua.

"Kitu kinaungua," Yama anasema.

Anaangalia Kunda. Kunda ananiangalia mimi. Hakuna anayesimama.